TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 12: Jua la saa nane na jasho la kibarua



Ndugu zangu, kina baba, kina mama na vijana wa jamaa yetu, tumshukuru Allah aliyetufikisha siku ya 12 tukiwa wazima.

Juzi baada ya tarawehe ndugu mmoja alinisubiri mlangoni. Kazi yake ni saidia fundi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia deni: akizidiwa kazini mchana akafungua, atakuwa amefanya dhambi? Jibu lake lipo, tutalifikia hapa chini in shaa Allah. Lakini ndani ya swali lake kuna swali jingine, ambalo kwa adabu yake hakuliuliza: nani aliyepanga zege libebwe saa nane mchana?

Maana swaumu ni yake yeye na Mola wake. Ratiba ya kazi siyo yake. Ratiba ina mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe ni sisi: sisi tunaojenga, wenye maduka na mizigo ya kupakuliwa, wenye mashamba, wenye nyumba zilizo na dada wa kazi. Kwa hiyo darsa ya leo namuelekezea zaidi anayeajiri kuliko anayeajiriwa.

Kwanza tujue tuko wapi. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa miladi kwa siku 10 au 11, ndiyo maana Ramadhani inazunguka majira yote. Miaka kumi na kitu iliyopita tulifunga Juni, Julai na Agosti. Kipupwe, upepo wa kusi, mtu unafika magharibi hata kiu hujaisikia vizuri. Sasa tumeingia kaskazi, na hatutoki leo wala kesho. Ramadhani inaendelea kurudi nyuma kwenda Februari, kisha Januari, mpaka 2030 ambapo itaingia mara mbili ndani ya mwaka mmoja, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Kwa watu wa pwani hii ndiyo miaka ya kufunga kwenye joto, na watoto wetu waliobaleghe juzi juzi hawajui Ramadhani nyingine.

Joto la pwani lina tabia yake. Mtu wa bara atakwambia mbona kwao jua ni kali zaidi. Inawezekana. Lakini mwili wa mwanadamu unajipoza kwa jasho, na jasho halipozi kwa kutoka tu, linapoza kwa kukauka juu ya ngozi. Hewa ikiwa imejaa unyevu kama yetu, jasho linatoka, linatiririka, linalowesha shati, na halikauki. Mwili unamwaga maji bila kupata faida yake. Mtu anayefanya kazi nzito juani anaweza kupoteza lita nzima ya jasho kwa saa moja, au zaidi. Aliyefunga hana cha kurudisha mpaka magharibi. Damu inapungua ujazo, moyo unakwenda mbio kuisukuma kwenye misuli na kwenye ngozi kwa wakati mmoja, na figo zinabaki zikikamua kidogo kilichobaki. Huko Nikaragua na El Salvador vijana wakata miwa wamekufa kwa ugonjwa wa figo wakiwa hawana sukari wala presha, na wataalamu wanaufungamanisha ugonjwa huo na kazi nzito kwenye joto, siku baada ya siku, bila maji ya kutosha. Hawa walikuwa hata hawajafunga.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba "mwenye imani hasikii jua". Imani inampa mtu subira. Haiubadilishi mwili wake ukawa wa chuma.

Sasa tuangalie Bwana Mtume (s.a.w.) alifanyaje na joto. Yeye alikuwa mtu wa Hijazi, anayelijua jua. Tunayo hadithi mashuhuri, ipo kwa Bukhari, kutoka kwa Abu Dharr (r.a.): walikuwa safarini, muadhini akataka kuadhini adhuhuri, Mtume akamwambia angoje kupoe. Akataka tena, akaambiwa angoje, mpaka wakaona vivuli vya vilima. Hii ni swala, jamani. Nguzo ya pili ya dini, yenye wakati wake. Ikasogezwa ndani ya wakati wake kwa sababu jua lilikuwa kali. Sasa mimi nikisema tofali lazima zipakuliwe saa saba na nusu kwa sababu lori limeshafika, tofali zangu zina haraka kuliko adhuhuri?

Na yupo kwenye mapokezi akijimiminia maji kichwani akiwa amefunga, kwa kiu au kwa joto. Ibn Umar (r.a.) alilowesha nguo akajitandia mwilini naye amefunga. Hii naisema makusudi kwa sababu wapo vijana wanaoogopa kumwagia maji kichwani wakidhani swaumu itaharibika. Haiharibiki. Lowesha kilemba, lowesha fulana, nawa uso na mikono, kaa chini ya bomba ukitaka, ilimradi usiyameze. Mwenye kazi aweke pipa la maji kwa ajili hiyo hiyo, hata kama watu wake wote wamefunga. Wengi wanaondoa maji kazini mwezi huu wakiona hayana kazi. Yana kazi kubwa.

Ila hadithi inayonikaa moyoni zaidi ni ya Anas (r.a.), ipo kwa Bukhari na Muslim. Masahaba walikuwa safarini pamoja na Mtume siku ya joto kali, wengine wamefunga, wengine hawakufunga. Kivuli hakikuwepo; aliyekuwa na kivuli kikubwa ni yule mwenye shuka, na wengine walijikinga jua kwa mikono. Walipotua, waliofunga walianguka chini kwa kuchoka. Wasiofunga wakainuka, wakasimamisha mahema, wakawanywesha wanyama maji. Mtume akasema maneno ambayo maana yake ni kwamba siku hiyo wasiofunga wameondoka na ujira wote.

Isome mara mbili. Ujira wa siku ile ulikwenda kwa waliosimamisha kivuli na kuteka maji. Hata wanyama hawakusahaulika.

Kivuli ni neema tunayoipitia bila kuiona. Katika Surat an-Nahl, aya ya 81, Allah anatukumbusha kwamba ametuwekea vivuli katika alivyoviumba, na mavazi ya kutukinga na joto. Hija ya 2024 ilituonyesha ukosefu wake unafanya nini. Serikali ya Saudia ilitangaza vifo 1,301, na asilimia 83 walikuwa watu wasio na vibali, waliotembea masafa marefu juani bila kivuli wala pa kupumzika. Jua liliwawakia mahujaji wote. Waliokufa zaidi ni wale waliokosa hema.

Nirudi kwa mwajiri. Nabii Musa (a.s.) alipokimbia Misri alifika Madyan amechoka na ana njaa, akawanyweshea wanyama wale mabinti wawili, kisha, Qur'an inataja wazi, akageuka akaenda kivulini. Baadaye mzee wa Madyan akamuajiri kwa miaka minane, au kumi akipenda kuitimiza. Tunaijua sana habari ya mkataba ule na ya ndoa. Sehemu tunayoiruka ni ile ambapo mwajiri mwenyewe, kabla kijana hajaomba chochote, anamwambia kwamba hataki kumtia katika taabu. Ipo Surat al-Qasas, aya ya 27. Ni sharti la mkataba lililotoka kinywani mwa tajiri. Katika mikataba yetu, hiyo ya mdomo tunayofanya na vibarua pale njia panda saa moja asubuhi, sharti hilo lipo?

Na Mtume (s.a.w.) katika hadithi nyingine ya Abu Dharr amekataza kumtwisha aliye chini yako kazi inayomshinda, na kama umemtwisha, umsaidie. Maulamaa wanataja kusaidia kwa mkono. Mimi naongeza kusaidia kwa saa, yaani kuibadilisha saa ya kazi, maana huo ndio msaada ambao kibarua hawezi kujipa mwenyewe.

Ndugu zetu walioko Ghuba wanalijua hili kwa sheria. Oman wanakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, Juni mpaka Agosti. Saudia ni saa sita hadi saa tisa, kuanzia Juni 15 mpaka Septemba 15. Qatar wamekwenda mbali zaidi: saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu, kuanzia Juni 1 mpaka Septemba 15. Hapa kwetu Tanzania tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inayotaka mapumziko ya dakika 60 kwa anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano. Lakini kibarua wa siku moja nani anamhesabia dakika? Tumhesabie sisi. Hatuhitaji polisi kwa hilo.

Sasa niseme la nyumbani. Msikiti wetu una ujenzi. Ukumbi wa madrasa unapanda, alhamdulillah, na watu wamejitolea. Wapo wafadhili wanaotamani tuswali Idd ndani yake. Nia njema kabisa. Lakini ili tuwahi Idd, vijana wamekuwa wakipandisha kokoto na maji mpaka saa tisa, wamefunga, na juu kule hakuna hata kipande cha turubai. Nimezungumza na kamati ya ujenzi na nimezungumza na fundi mkuu, naye ndiye aliyenifundisha kitu: zege linalomwagwa kwenye jua kali linapoteza maji haraka, linashika kabla halijasawazishwa vizuri, na linaota nyufa. Kwa maneno mengine jua la saa nane haliwafai vijana na halilifai zege pia.

Rai yangu ni kazi ianze saa kumi na mbili asubuhi, mara tu baada ya alfajiri, wakati maji ya daku bado yapo mwilini, na kazi nzito zote zisimame saa tano. Baada ya hapo, zilizobaki ni kazi za kivulini: kukunja nondo chini ya mwembe, kupanga mbao, basi. Wapo waliopendekeza kumwaga zege usiku baada ya tarawehe. Ni wazo zuri, kwa mwili na kwa zege, ila mashine ya zege inapiga kelele na jirani zetu wana watoto wachanga na wagonjwa. Alfajiri ni bora. Na kama Idd itatukuta tunaswali uwanjani kama miaka yote, tutaswali uwanjani.

Bado kuna jambo la hela, na hapa ndipo nasaha nyingi huharibika. *Ukipunguza saa, usipunguze ujira.* Kibarua anayekatwa nusu ya posho yake ili apumzike atakataa kupumzika. Atakwambia hana tatizo, yuko fiti, huku macho yamemuingia ndani. Ana kodi ya chumba na watoto wanaosubiri nguo ya Idd. Kwa hiyo gharama ya kivuli ni ya mwenye kazi. Mweka hazina wetu amekuna kichwa, na ana haki ya kukuna, lakini tofauti ile ni ndogo kuliko tunavyodhani na nitaieleza mwisho. Tunaipenda sana hadithi ya kumlipa mtu kabla jasho lake halijakauka. Tuiangalie pia hesabu ya jasho lenyewe, limetoka kiasi gani na saa ngapi.

Angalizo kwa wanaochukua vibarua wapya. Mwezi huu vijana wengi wanatoka vijijini au vijiweni kutafuta hela ya Idd. Mwili unahitaji kama wiki moja hadi mbili kuzoea kazi ya juani. Mamlaka ya usalama kazini ya Marekani inasema karibu nusu ya vifo vya joto kazini hutokea siku ya kwanza kabisa ya mtu kazini, na zaidi ya asilimia 70 ndani ya wiki ya kwanza. Kwa hiyo yule mgeni mwenye nguvu anayetaka kuwaonyesha wenzake kwamba na yeye ni mwanaume, huyo ndiye wa kuangaliwa kuliko mzee aliyezoea. Wapeni wageni kazi nyepesi siku za mwanzo, muongeze kidogo kidogo.

Na asiyefunga? Kwenye ujenzi wapo ndugu zetu Wakristo, wapo wenye udhuru. Nimesikia kuna sehemu wanakatazwa kunywa maji "kwa heshima ya mwezi". Heshima hiyo haimo katika dini. Mtu anayefanya kazi kwenye joto na hajafunga anatakiwa anywe kama kikombe kimoja kila dakika 15 au 20, hata kabla hajasikia kiu. Awekewe maji karibu na asitolewe macho. Swaumu yako haitavunjika kwa kumuona anakunywa.

Kina mama, msidhani nimewasahau, na hapa nawasemea pia dada wa kazi. Jiko la mkaa, chumba cha jikoni kidogo, dirisha moja, saa tisa mpaka magharibi: mihogo ya nazi, tambi, kalimati kwenye mafuta ya moto, mikate ya kumimina, sambusa, uji. Joto la mle ndani linalizidi la nje. Binti anayesimama pale kwa saa tatu na swaumu yake ni mfanyakazi wa joto kama yule wa zege. Toeni jiko nje chini ya kivuli. Vitu vya kukaanga vipunguzwe, au vipikwe kwa zamu. Na, kina baba, tukubali futari ya aina tatu badala ya saba. Hapa sina dalili ya kuleta zaidi ya aibu.

Sasa jibu la ndugu yetu. Maulamaa wa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu pwani tunayafuata, waliizungumza mas-ala hii zamani kwa mfano wa wavunaji wa mashamba. Mtu ananuia usiku kama kawaida na anaianza siku akiwa amefunga. Akifikwa na tabu kubwa anayohofia itamdhuru, anafungua, na siku hiyo anailipa baadaye. Siyo kwamba anaamka na kula kwa sababu tu kazi yake ni ngumu, na asiyefikwa na hali hiyo anaendelea na swaumu yake. Lakini pia asingoje mpaka azimie ndiyo aonekane ana udhuru. Mwenye hali yake ya pekee, sukari, presha, figo, ujauzito, aje tuzungumze, na aonane na daktari.

Na angalieni sharti moja waliloliweka: kazi hiyo iwe haiwezekani kuahirishwa wala kufanywa usiku. Kibarua hana uwezo wa kuihamisha kazi. Mwenye uwezo huo ni mwajiri. Basi mwajiri aliyeweza kuihamisha na hakutaka, akamfikisha mwenzake mahali pa kufungua, ajiulize mwenyewe ile siku iliyoliwa imeandikwa kwenye daftari la nani.

Mwisho, dalili. Wote tuzijue, hasa wasimamizi. Mtu akianza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza, jasho jingi na udhaifu, asimamishe kazi pale pale, apelekwe kivulini, alegezewe nguo, amwagiwe maji. Huyu hata akifungua ana haki. Akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, kuyumba kama mlevi, kugombana bila sababu, kupoteza fahamu au kupata degedege, hiyo ni hatari ya kifo, joto la mwili linaweza kuwa limepita nyuzi 40. Usisubiri jasho likauke ndiyo uamini, anaweza kuwa bado anatoka jasho. *Mpozeni kwanza, hapo hapo alipo*: mvueni shati, mwagieni maji mengi mwili mzima, mpepeeni, barafu shingoni, kwapani na kinenani kama ipo, huku mwingine anatafuta gari la hospitali. Mkiwa njiani endeleeni kummwagia. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu, yatamuingia kwenye mapafu. Na asiachwe peke yake alale "apumzike kidogo".

Usiku, kuanzia futari mpaka daku, maji yanywewe kidogo kidogo, siyo kubugia lita mbili dakika tano kabla ya adhana. Uji, tikiti maji, dafu, mchuzi wenye chumvi yake, vyote vinasaidia. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, bado una deni la maji.

Kuhusu ujenzi wetu: kamati imekubali ratiba ya saa kumi na mbili hadi saa tano kuanzia kesho, ujira kamili. Ile tofauti ni ya vibarua tisa kwa siku zilizobaki, na watu wanne wameshaahidi kubeba siku moja moja. Zinatafutwa turubai mbili kubwa, mapipa mawili yenye mfuniko na mtu mwenye pampu ya kupandisha maji juu. Aliye navyo amuone katibu baada ya adhuhuri. Vijana ambao hawana kazi asubuhi, kuna zamu ya kufunga turubai na kujaza mapipa, majina yanaandikwa leo baada ya alasiri.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullah.